Matairi ya Saa Tisa na Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wa baiskeli ndiye aliyenituma kuandika. Nilikwenda kwake kununua matairi, maana yale ya zamani yamelika hadi nyuzi zinachungulia, nikidhani ni shughuli ya dakika kumi. Akafuta mikono kwenye suruali, akaniuliza, "Unapita wapi?"

Nikamweleza. Kutoka nyumbani ni njia ya udongo wa mfinyanzi, dakika ishirini. Halafu barabara wanayoijenga, kokoto tupu zenye ncha, dakika kumi na tano. Halafu lami mpaka lango la hospitali, nusu saa.

"Hizo ni barabara tatu, mama," akasema. "Tairi la barabara tatu sina, na anayekwambia analo anakudanganya. Wewe unachagua tu ni barabara ipi ikutese."

Akanifungia matairi membamba, laini kama mkanda, akayajaza upepo mpaka yakawa magumu kama ubao. Akaniambia ninunue daftari. Kila siku niandike njia ilikuwaje, nimetumia dakika ngapi, nimepata pancha ngapi. Mvua ikishachanganya tutajua lipi linafaa.

Basi hili ndilo daftari.

Jumanne, 4 Machi

Kukavu. Dakika sitini na mbili. Pancha hakuna. Kwenye lami niliruka kweli, kwenye kokoto meno yaligongana mdomoni.

Alhamisi, 6 Machi

Dakika sitini na moja.

Niandike na kwa nini nahesabu dakika, fundi asije akadhani nashindana na mtu. Nafanya kazi sehemu ya kufulia ya hospitali. Shuka zikitoka kwenye mashine ya kukausha hukunjwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mimi na mwenzangu wa shuka tumefanya hivyo miaka tisa. Najua harufu ya sabuni yake kuliko ya kwangu. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunatoka saa nane na robo. Ikifika saa tisa na nusu alasiri lazima niwe nyumbani.

Mama yetu haachiki tena peke yake. Atafungulia maji, atawasha jiko, au atafungua mlango aende kumtafuta mama yake, ambaye alikufa kabla sisi hatujazaliwa. Mchana anashinda na dada yangu mkubwa, aliyerudi nyumbani mwaka juzi ndoa yake ilipovunjika. Dada naye ana kazi ya jioni, anapika kwenye bweni la wanafunzi kuanzia saa kumi hadi saa moja. Kwa hiyo mimi nikiingia yeye anatoka. Tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Ananikabidhi mama, mimi namkabidhi mlango.

Ukiniuliza nani kati yetu anachoka zaidi, nitajibu bila kusita. Yeye ana kiti.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza, kubwa, kuanzia saa saba. Kwenye mfinyanzi matairi membamba yanazama kama kisu kwenye siagi. Nilishuka mara sita kusukuma. Dakika themanini na tatu. Nimefika nimelowa chapachapa, dada yuko mlangoni, mkoba begani, aproni imekunjwa juu ya mkoba.

"Saa tisa na dakika arobaini," akasema.

Akaondoka mbio. Mama akanitazama toka juu mpaka chini, akauliza, "Mgeni ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Alikuwa mpole."

Alhamisi, 13 Machi

Pancha kwenye kokoto. Nimeziba mwenyewe chini ya mwavuli wa mama mmoja muuza vocha. Nimefika saa kumi na dakika tano. Dada alinionyesha saa ya ukutani kwa kidole, akatoka. Hiyo ni mbaya kuliko kusema.

Ijumaa, 14 Machi

Pancha mbili. Saa kumi na robo. Dada alikuwa anatembea huku na huku nje ya mlango, mlango umefungwa kwa nje, mama yuko ndani anagonga dirisha na kijiko. Nikamwambia, "Unamfungia mama?" Akaniambia, "Nilikuwa natazama kama unakuja. Usinianze." Akaenda.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempelekea fundi daftari. Alisoma mistari ya dakika, akaruka mengine kwa adabu, au alijifanya ameruka.

"Membamba yamekataa," akasema. "Tuweke ya meno."

Ya meno ni mazito ndi. Yana vifundo vya mpira kama vidole vya mtoto. Fundi anasema yanang'ata udongo na kokoto hazitayatoboa. "Lakini kwenye lami, mama, punguza mbio, hasa pakilowa. Pale yanakanyagia ncha tu."

Nikamwambia sina nafasi ya kupunguza mbio.

Jumanne, 18 Machi

Dakika sabini na mbili, mvua. Pancha hakuna. Nimefika saa tisa na dakika ishirini na nane, moyo unadunda kama mashine ya kukamua. Dada akaangalia saa ya ukutani, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea mzigo uliotimia.

"Kazini walisemaje kuhusu wiki iliyopita?" nikamuuliza.

"Nimezungumza nao. Wamenielewa. Ila usichelewe tena, mdogo wangu. Saa tisa na nusu, tafadhali."

"Nitajitahidi."

"Si kujitahidi. Saa tisa na nusu."

Jumatano, 19 Machi

Dakika sabini na nne.

Alhamisi, 20 Machi

Dakika sabini na nne. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nililitoa kwa kijiti mara tatu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeng'oa madigadi. Sasa tope lote linanirukia mgongoni. Mlinzi wa lango kaniambia nimekuja na ramani ya dunia.

Jumatano, 26 Machi

Mwenzangu wa shuka ameanza kuniruhusu nitoke dakika tano kabla. Anakunja shuka za mwisho peke yake, kidevu kikiwa upande mmoja na mikono upande wa pili. Leo akasema, "Wewe huendi nyumbani. Wewe unakimbizwa." Nikacheka. Njiani sikuona cha kuchekesha.

Kwenye lami matairi ya meno yananguruma kama nyuki ndani ya debe. Nusu saa ya ngurumo. Ninayasikia hata mama akinywa uji.

Ijumaa, 28 Machi

Saa tisa na dakika ishirini na tisa. Dada amepeleka cherehani yake kwa fundi wa cherehani, ati inaruka nyuzi. Sebule imekuwa pana ghafla. Mama anaizunguka ile nafasi iliyokuwa na cherehani, haikanyagi.

Jumatano, 2 Aprili

Wakandarasi wamemwaga kokoto mpya, kubwa zaidi, na wamehama nazo kuelekea kwetu. Sasa udongo ni dakika kumi na saba, kokoto ishirini. Nimekuwa mtu wa kupima barabara. Hii inayonitesa leo si ile niliyochagua inisumbue.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Saa tisa na nusu kamili. Dada akasema, "Vizuri," kama mwalimu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimechoka. Hilo ndilo la leo.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nilimchukia dada yangu kwa muda wa dakika kama kumi, nikipanda kipande cha mwisho cha udongo. Nilikuwa nimeshuka, nasukuma, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope nyuma yangu, na nilimwona kwa mbali amesimama mlangoni. Amevaa gauni safi. Aproni imepigwa pasi, mistari imesimama. Hakuja kunipokea baiskeli. Hajawahi. Nilijiambia, huyu ameshinda ndani, pakavu, anasubiri tu mimi niingie ili aende kucheka na wapishi wenzake. Nilipofika akaniambia, "Mama ameshakula, hajalala." Nikampita bila salamu.

Mama alinipokea vizuri. Aliniita kwa jina la shangazi na akanipangusa uso kwa kanga yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, naomba radhi kwa mwandiko.

Nilichelewa kutoka, mashine moja ilikwama na shuka ndani. Saa nane na dakika ishirini na tano ndiyo napanda baiskeli. Mvua ilikuwa imekatika lakini lami inang'aa. Nilipiga hesabu: nikikaza mwendo mpaka kwenye kokoto, nitafidia. Nikakaza. Mita mia tatu tu kutoka langoni kuna kifuniko cha chuma cha mtaro, nakipita kila siku. Leo nilikipita nikiwa nakata kona. Tairi la mbele likateleza kama sabuni sakafuni. Sikupata hata muda wa kusema lo. Nilisikia pu! ndipo nikajua ni mimi.

Dereva mmoja wa lori alisimama, akaniinua, akaninyooshea usukani akanirudisha mpaka hospitali huku anasukuma baiskeli. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kuvimba kama andazi. Nikaketi kwenye benchi kusubiri picha. Nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Saa tisa. Saa tisa na robo. Kila dakika naona sura ya dada.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mnene mwenye mwanya, mtoto mapajani. Akanitazama sana, kisha akasema, "Wewe si mdogo wake yule tuliyekuwa naye jikoni bwenini? Mmefanana hapa," akajigusa paji la uso.

Nikamwambia ndiye mimi. Nikamwomba kama ana simu ya msimamizi wao ampigie, amwambie dada leo atachelewa, nimeanguka.

Akampakata mtoto upya. "Atachelewa wapi?"

"Kazini. Bwenini."

"Kumbe hujui," akasema polepole, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Unga ulishamwagika, mwenzangu. Mwezi uliopita. Zile siku mbili alizochelewa mfululizo, Jumatatu yake akaambiwa asirudi. Sisi tulisikitika sana. Anapika vizuri dada yako. Sasa yuko wapi?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba mkono uliacha kuniuma.

Mwezi uliopita. Jumatatu yake ni tarehe kumi na saba, siku niliyofunga matairi ya meno. Wiki nne nimekimbia kama mwizi, kwenye mvua, kwenye tope la magotini, roho mkononi, kuwahisha mtu kwenye kazi ambayo haipo. Na kila siku amesimama mlangoni na aproni iliyopigwa pasi.

Mfupa haukuvunjika, ni mshipa. Wamenifunga bandeji na kunipa wiki mbili za kupumzika; baiskeli nikamwachia mlinzi wa lango. Dereva wa gari la hospitali alinifikisha mwisho wa lami, kutoka hapo nikatembea. Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote njiani, makali, moja baada ya jingine.

Dada alifungua mlango na uso wa kugombana. Akaona bandeji. Mkoba ukadondoka. Alinivua viatu, akanivua gauni lililoganda tope, akanikalisha kwenye beseni kama mtoto, akaniogesha, akiushikilia mkono ule mbovu nje ya maji.

"Na kazi?" nikamuuliza. Nilitaka nione.

"Wataelewa," akasema, ananimwagia maji mgongoni. "Usijali kazi."

Yale maneno makali sikuyasema. Sijui yamekwenda wapi. Bado yapo.

Jumanne, 15 Aprili

Niko nyumbani. Saa tisa na nusu dada kachukua mkoba na aproni. "Nakwenda," akasema. "Haya," nikasema.

Jumatano, 16 Aprili

Niliandika kwamba yeye ana kiti. Niandike pia nilichokiona.

Mama aliamka saa kumi na mbili. Mpaka saa tano aliuliza kama mgeni ameondoka mara thelathini na nne. Nilihesabu, nimezoea kuhesabu. Alimwita dada mwizi mara mbili na kumkagua mfukoni. Alikataa kuoga, akaoga, akasahau, akakataa tena. Alimwaga uji kitandani. Dada alipogeuka kutafuta kitambaa, mama alikuwa ameshafika getini pekupeku. Dada alimfuata bila kukimbia, akamshika kiwiko, akamwambia, "Twende wote, lakini tupite ndani kwanza, nimesahau kiatu." Wakarudi. Hilo lilitokea mara tano.

Dada hakukaa. Alikunywa chai yake amesimama, imepoa, na hakuimaliza.

Saa tisa na nusu akaondoka. Safari hii nilimtazama mgongo. Hakuwa anatembea kama mtu anayekwenda kucheka na wapishi.

Alhamisi, 17 Aprili

Bado sijasema. Nimeona anapiga pasi aproni. Anaanza na kamba, anamalizia mfuko.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemfuata dada yangu kama askari kanzu. Naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimwomba jirani wa ukuta mmoja, mshona viatu mstaafu, mwanamke mwenye subira, akae na mama saa moja. Dada akatoka saa tisa na nusu, nami nyuma yake kwa mbali, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Hakupita njia ya bwenini. Alipita nyuma ya ofisi za maji, akaingia kwenye jengo la maktaba. Nikasubiri kidogo kwenye baraza. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta na mwanamume. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonijia. Labda lingekuwa rahisi.

Ndani kuna chumba kimoja cha kusomea, meza ndefu nne, feni moja inayolia. Watu watatu na magazeti. Kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, alikuwa dada yangu. Mbele yake kitabu kimefunguliwa katikati. Aproni amekunja mara nne, ameiweka juu ya meza, na shavu lake liko juu ya aproni. Amelala. Mdomo wazi kidogo. Sijamwona amelala hivyo tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja.

Mkutubi, mzee mfupi mwenye miwani kwenye kamba, akanijia kwa ncha za vidole. "Usimwamshe," akaninong'oneza. "Humwamsha mimi mwenyewe, saa moja kasorobo."

"Kila siku?"

"Siku zote tunazofungua. Zamani nilimwambia hapa si pa kulala. Akaniambia sawa, akafungua kitabu, akalala juu ya kitabu. Nikaona nitashindana na nini."

Nilisimama pale mpaka feni ikazunguka sijui mara ngapi. Kisha nikarudi nyumbani. Sikumwamsha.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilijiona mwema kwa kunyamaza. Leo mchana dada anakata mboga, mimi nasaidia kwa mkono mmoja, akasema bila kunitazama, "Ukirudi kazini, mdogo wangu, jitahidi ile saa tisa na nusu."

Basi yakatoka.

"Ya nini?" nikasema. "Uwahi meza ya dirishani?"

Kisu kikasimama.

"Nimekufuata Jumamosi. Na najua tangu siku niliyoanguka. Unajua nilikuwa nakimbilia nini siku ile? Nilikuwa nakimbilia kazi yako! Wiki nne natoka kazini kabla ya wenzangu, nabeba baiskeli begani, navunja mkono, na wewe unasimama hapo mlangoni unaniangalia saa!"

"Mgeni ameondoka?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Ameondoka, mama," tukajibu wote wawili, kwa sauti moja.

Dada akaweka kisu chini. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Ulichelewa wewe, nikaachishwa mimi," akasema. "Sikukwambia, kwa sababu ungelia, na nisingekuwa na nguvu ya kukubembeleza. Hilo la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili, ningekwambia, ungeacha kukimbia."

"Kwa nini nikimbie kama hakuna kazi?"

"Hapo sasa." Akakaa chini, kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza mchana huu. "Ungesema, dada yupo tu. Ungepita sokoni. Ungekaa kidogo na mwenzako wa shuka. Ungefika saa kumi na moja, saa kumi na mbili, na ungekuwa na haki, umechoka. Ningekuambia nini? Kwamba nataka kutoka nikalale? Mtu anayeshinda nyumbani ataombaje ruhusa ya kulala? Kazi ilikuwa inaheshimika. Ukisikia kazi unakanyaga. Basi nikaishika kazi."

"Ungeniambia umechoka."

"Nimekwambia umechelewa mara ngapi? Ulifikiri nilikuwa nasema nini?"

Alisema kweli. Angeniambia hana kazi, ningefika saa kumi na moja. Ningesema dada yupo. Nilimwambia hivyo hivyo: "Ndiyo. Ningesema hivyo."

"Nilijua."

"Lakini ungeniua, dada."

Hapo ndipo alilia. Alilia vibaya, bila kujifunika uso, vitunguu mikononi. Akasema siku ile alipoona bandeji alitaka kuniambia na mdomo ukakataa. Akasema cherehani haiko kwa fundi, imeuzwa, ndiyo mshahara wake wa mwezi huu. Akasema siku nyingine anaposikia mnyororo wa baiskeli yangu ukilia huko mbali, kabla hajaniona, anachukua mkoba kwa furaha, na si furaha ya kuniona mimi.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nisimkasirikie tena. Mtu hawezi kutunga uongo mbaya hivyo.

Saa tisa na nusu ikafika. Yeye bado ameketi. Nikamletea mkoba.

"Nenda," nikasema.

"Leo?"

"Leo. Aproni acha, chukua mto."

Alicheka huku kamasi zinamtoka. Alichukua aproni.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimerudi kazini. Mwenzangu wa shuka ananikunjia polepole kama mgonjwa. Nikirudi nilipita kwa fundi, nikamwambia ang'oe ya meno.

Alinionyesha matairi mapana, ya kati kwa kati, mstari laini katikati, meno madogo pembeni. "Haya hayatazama, hayatateleza hovyo, na pancha utaisahau. Upepo weka kidogo, yalale chini. Lakini nikwambie ukweli, ni mazito na ni mavivu. Nyumbani utachelewa dakika kumi na tano, kila siku ya Mungu."

"Funga."

"Si ulikuwa unatafuta saa tisa na nusu?"

"Sasa ni saa kumi. Tumekubaliana."

Akanitazama juu ya miwani, akachukua spana. Alirudisha na madigadi, akayapandisha juu ili tope lipite.

Tulichokubaliana ni hiki. Mimi nafika saa kumi, mzima. Dada anatoka saa kumi mpaka saa moja, kazi iwepo isiwepo, na haulizwi anakwenda wapi. Jirani wa ukuta mmoja atakaa na mama Jumatano asubuhi, dada akatafute kibarua. Tutabana. Hatukukumbatiana wala nini. Dada aliandika saa kumi kwenye karatasi akaibandika chini ya saa ya ukutani, kama tangazo la ofisi.

Jumanne, 29 Aprili

Saa kumi kasoro dakika tatu. Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Saa kumi na dakika mbili. Kwenye kile kifuniko cha chuma nilishuka, nikatembea hatua sita, nikapanda tena. Mwendesha pikipiki akanizomea. Nilimpungia mkono ule wa bandeji.

Dada alikuwa ameketi mlangoni, si amesimama. Akaipokea baiskeli, akaiegemeza ukutani. Akaminya tairi kwa kidole gumba. "Mapana," akasema. "Yanaonekana kama yamekula." Kisha akaenda.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ndogo. Mama amenijua leo, kama nusu saa. Aliniuliza kwa nini nimekonda. Dada alikuwa ameshaondoka. Nilisikitika hakuwepo, kisha nikaona, mchana mzima ni wake, basi na hii nusu saa iwe yangu.

Jumatano, 14 Mei

Dada amepata kibarua cha kushona pindo za mapazia, nyumbani, kwa cherehani ya kuazima. Mama anashika kitambaa upande mmoja anadhani yeye ndiye anayeshona. Dada anasema mama hajauliza sana habari za mgeni tangu asubuhi, mara nane tu.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya mapumziko yangu. Saa tisa na nusu nilikuwa namchana mama nywele. Dada akaninyang'anya kitana mkononi.

"Leo nenda wewe," akasema.

"Wapi?"

"Usijifanye hujui. Nenda. Na ukirudi kabla ya saa moja sikufungulii."

Nilikataa. Nikasema nina nguo za kuloweka. Akasema zimeshalowa. Nikasema mkono unaniuma. Akasema hutumii mkono kulala. Nikachukua baiskeli.

Mvua imekwisha siku tatu sasa. Udongo umeganda, una mashimo ya kwato na matairi ya watu wote waliopita msimu huu, umekuwa mgumu kama matofali. Kokoto wameanza kuzishindilia. Sikuhesabu dakika.

Niliketi meza ile ile ya dirishani, nikachukua kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu, kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Nilisoma namna ya kuvaa glavu. Nilisema nitafumba macho kidogo tu, kwa sababu ya feni.

Mtu akagusa bega langu. Nje kulikuwa kumeshakuwa na rangi ya jioni, na magazeti yalikuwa yamerudishwa kwenye rafu. Shavu langu limeshika alama ya ukingo wa kitabu. Mkutubi alikuwa ameinama juu yangu na funguo zake.

"Mama, tunafunga." Akanitazama vizuri, akavaa miwani. "Yule anayelala hapa siku nyingine, ni nani yako?"

"Dada yangu."

"Nilijua," akasema. "Mkiwa macho hamfanani sana. Lakini mkilala!"